Kosa la Kuoshaosha: Utetezi wa Udongo na Mimea Katika Tangi la Samaki Wadogo

Umeenea mtazamo, kwa wauzaji wa samaki wa mapambo na kwa wanunuzi wao pia, kwamba afya ya tangi la samaki hupimwa kwa jicho: maji yakiwa maangavu, changarawe ikiwa nyeupe na kioo kikiwa hakina doa, basi samaki wamo salama, na pindi kioo kinapoanza kuota ukijani au changarawe inapoingia rangi ya kahawia, dawa ni kuwahamishia samaki ndooni, kumwaga maji yote, kusugua kila kitu kwa maji ya bomba na kuanza upya. Katika mtazamo huo mimea hai huhesabiwa kuwa uchafu unaosubiri kuoza, na nafasi yake huchukuliwa na mimea ya plastiki ambayo hutolewa kila wiki ikapigwa brashi. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa hoja kwamba uangavu wa maji hauna uhusiano wa lazima na usalama wake, kwamba usuguaji wa kila wiki ndio unaoua samaki wengi ambao vifo vyao husingiziwa chakula kibovu au ugonjwa uliotoka dukani, na kwamba njia ya hakika zaidi ya kuwatunza samaki wadogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ni tangi lenye mimea hai iliyopandwa katika udongo.

Kiini cha mgogoro huu ni amonia. Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka ya protini aliyokula kupitia matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, na taka hiyo hutoka ikiwa amonia, ambayo huongezwa pia na chakula kilichosalia na majani yanayooza. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachotosha kuyaunguza matamvua ya samaki haina hata harufu ambayo pua ya binadamu ingeinasa, kwa hiyo tangi laweza kung'aa siku ile ile ambayo samaki wake wanakufa. Jambo hili hutatizwa zaidi na pH, kipimo kinachoonyesha kama maji yameelekea upande wa asidi au wa alkali. Amonia iliyomo majini hujigawa katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine, iitwayo amoniamu, isiyo na madhara makubwa. Na mgawanyo huo hufuata pH. Maji yenye joto la nyuzi 25 na pH ya 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia yake katika sura ya sumu, ilhali pH ikifika 8 kiasi hicho hupanda hadi zaidi ya asilimia 5. Maji mengi ya visima vya pwani, ambayo yamepita katika mawe ya chokaa ya matumbawe, huwa magumu, yaani yamebeba kalisi nyingi, na huelekea upande wa alkali, hivyo mfugaji wa Unguja au Mombasa anayetegemea macho yake yuko hatarini zaidi kuliko yule ambaye maji yake yana asidi kidogo.

Kinachoiondoa sumu hiyo katika tangi lililokomaa ni viumbe hai. Karibu na mwaka 1890, mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zurich, alionyesha kwamba amonia hugeuzwa kwa hatua mbili na bakteria wa aina tofauti: wa kwanza huifanya naitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huingia damuni na kuizuia hemoglobini isibebe oksijeni, hata damu ya samaki ikawa ya kahawia, wa pili huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti uliofuata umeisahihisha picha hiyo bila kuibomoa. Mwaka 1998 ilibainika kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya hatua ya pili hufanywa hasa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, si wale wa Nitrobacter waliotajwa vitabuni kwa karibu karne nzima, na mwaka 2015 timu mbili za watafiti zilitangaza kwamba baadhi ya Nitrospira hukamilisha hatua zote mbili peke yao, timu moja ikiwa imewapata katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Ni muhimu kujua mahali wanapoishi bakteria hawa, kwa sababu hapo ndipo mtazamo wa usuguaji unapoanguka. Hawaelei majini kwa wingi. Hujishikiza juu ya changarawe, kwenye kioo, kwenye majani, na zaidi ya yote ndani ya sifongo ya chujio, ambayo baada ya miezi michache huvikwa utando wa kahawia, mwororo na wenye kuteleza, usionuka kitu kibaya isipokuwa harufu ya udongo uliolowa. Utando huo ndio ambao mfugaji anayependa usafi huukamua chini ya bomba hadi sifongo irudi rangi yake ya dukani. Klorini iliyotiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu haichagui: huwaua na hawa, tena hawa ni wazito kuzaliana, kwani wakati bakteria wa kawaida wa matumbo anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 penye hali nzuri, hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi. Anayesugua kila Jumamosi ni sawa na mkulima anayekwangua udongo wa juu wa shamba lake kila wiki ili shamba lionekane nadhifu, kisha akashangaa mbona mahindi hayashiki. Tangi lake halikomai kamwe. Samaki wake huishi maisha yao yote katika wiki ya kwanza.

Kumwaga maji yote kwa mpigo nako kuna hatari yake. Kazi ya bakteria huzalisha asidi kidogo kidogo, kwa hiyo tangi ambalo halikubadilishwa maji kwa muda mrefu hushuka pH, na bakteria wenyewe hudhoofika humo, hata amonia ikajilimbikiza katika sura ile isiyodhuru. Akitokea mtu akamimina maji mapya yenye pH ya 8, amoniamu iliyokuwa imetulia hugeuka sumu katika dakika chache, na samaki huanza kutweta juu ya maji ambayo hayajawahi kuonekana safi kiasi hicho. Hapa lazima itenganishwe hoja na upotoshaji wake: utetezi wa tangi lenye mimea haumaanishi kwamba maji yaachwe miaka na miaka. Kubadilisha robo ya maji kila wiki moja au mbili, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangini, ni desturi njema. Klorini ya kawaida huruka yenyewe maji yakikaa siku moja katika ndoo iliyo wazi, ila pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyofungamanishwa na amonia, kusubiri hakutoshi na huhitajika dawa ya kuivunja. Sifongo huoshwa pia, lakini kwa kukamuliwa taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo.

Kwa upande wa mimea, hoja ya kuitetea ni kongwe kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwasilisha kwa wanakemia wenzake matokeo ya jaribio la samaki wawili wa dhahabu waliowekwa katika chombo kimoja na mmea wa Vallisneria, ambao majani yake ni marefu na membamba mithili ya utepe. Mmea ulitoa oksijeni kama alivyotarajia, lakini majani yaliyozeeka yalioza na kuyavuruga maji. Warington hakuung'oa mmea wala hakusugua chombo. Aliingiza konokono wa majini, wakala yaliyokuwa yakioza, na maji yakatengemaa. Chombo hicho hakikuwa na pampu, chujio wala taa. Jibu la tatizo lililoletwa na kiumbe hai lilikuwa kiumbe hai kingine, na hiyo ndiyo kanuni ambayo wauzaji wa mimea ya plastiki wameifanya isahaulike.

Kile ambacho Warington hakuweza kukijua wakati huo ni kwamba oksijeni ni nusu tu ya msaada wa mmea. Mimea mingi inayoishi chini ya maji, ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya amoniamu na naitreti, huchukua amoniamu kwanza, kwa sababu naitreti hulazimu kurudishwa katika sura ya amoniamu ndani ya mmea kabla ya kutumika, na kazi hiyo hugharimu nishati. Mwandishi Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya tangi lenye mimea, alikusanya ushahidi wa jambo hili na kulifanya msingi wa mfumo mzima wa ufugaji: mmea unaokua kwa kasi huila sumu kabla hata bakteria hawajaifikia, na huipunguzia chujio mzigo. Jani la plastiki halili kitu. Huongeza eneo la bakteria kujishikiza, ndiyo, lakini wakishajishikiza hupigwa brashi.

Pingamizi linalosikika mara nyingi zaidi ni kwamba usiku mimea huwanyang'anya samaki oksijeni. Lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana halifi. Mmea hupumua saa zote, na gizani, usanisinuru unaposimama, yaani ile kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga na kutoa oksijeni, mmea hubaki kuwa mtumiaji tu. Hata hivyo, katika mmea unaokua, oksijeni inayotolewa mchana huzidi ile inayotumika usiku, la sivyo mmea usingeongezeka uzito. Na katika tangi la kawaida walaji wakubwa wa oksijeni usiku ni samaki wenyewe pamoja na bakteria wanaoozesha chakula kilichomwagwa kwa ukarimu usio na kipimo. Hatari ya kweli hutokea penye samaki waliosongamana, au uso wa maji uliofunikwa wote na mimea inayoelea kiasi cha kuzuia hewa isiingie. Joto nalo lina sehemu yake: maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi wa Februari, hubeba takriban 7.6. Nairobi haina joto hilo, lakini kwa kuwa iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 yakilinganishwa na ya pwani yenye joto lile lile. Tiba katika hali zote hizo ni samaki wachache, chakula kidogo na uso wa maji unaotikisika. Kung'oa mimea hakumo.

Pingamizi la pili huelekezwa kwenye udongo, nalo hutoka moyoni zaidi kuliko kichwani, kwa maana watu wengi wamelelewa kuona matope kuwa kinyume cha maji ya kunyweka. Ni haki kuuliza samaki wadogo wenyewe wametoka wapi. Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja ambaye dume lake lina mkia mwekundu uliozungushiwa ukingo mweusi, na ambaye wafugaji wa Ulaya humthamini mno huku wakazi wengi wa kisiwa chenyewe wakiwa hawajawahi kulisikia jina lake, huishi katika madimbwi na mitaro inayojaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Hutaga mayai katika matope. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hulala humo udongoni kwa miezi kadhaa hadi mvua inayofuata. Samaki huyu, ambaye ni miongoni mwa warembo wa maji baridi ya Afrika Mashariki, ni mtoto wa matope. Hakuna maumbile yaliyomwandaa kwa changarawe nyeupe iliyosuguliwa kwa klorini.

Udongo katika tangi hata hivyo una masharti yake, na wanaoushambulia mara nyingi wameuona ukitumiwa vibaya. Unaofaa ni udongo wa kawaida wa bustani, uliochekechwa kuondoa mizizi na vijiti, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, kwa kuwa mbolea huachia amonia kwa wingi. Hutandazwa kwa kina cha sentimita mbili hadi tatu, kisha hufunikwa kwa changarawe ndogo au mchanga mkavu mkubwa wa kina kama hicho, ili usitimke. Ukizidi kina, oksijeni haifikii upande wa chini na hutokea gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu kwa mizizi na kwa samaki. Ukiwa wa kiasi, mizizi yenyewe huupelekea oksijeni. Faida yake ni mbili: mmea hupata madini, chuma kikiwemo, ambacho hakikosekani katika udongo mwekundu wa bara, na bakteria wanaovunjavunja mabaki ya viumbe udongoni hutoa kabonidayoksaidi, gesi ambayo mmea huihitaji na ambayo katika maji huwa haba. Wiki za mwanzo udongo mpya hutoa amonia na rangi ya chai, na maji hulazimu kubadilishwa mara kwa mara, bila samaki ndani. Asiyevumilia hatua hii ndiye anayekwenda kutangaza kwamba udongo unaua.

Wapo wanaokubali yote hayo kisha wakasema kwamba tangi lenye mimea ni starehe ya matajiri. Dhana hii imechangiwa na picha za kazi za Takashi Amano, Mjapani aliyeishi kati ya mwaka 1954 na 2015, ambaye kuanzia miaka ya 1990 vitabu vyake viliufanya ulimwengu uyaone matangi kama mandhari ya misitu na milima, na ambaye kazi yake ya mwisho kubwa, tangi lenye urefu wa mita 40, ilifunguliwa Lisbon mwaka 2015. Matangi ya namna hiyo hutumia taa kali, mitungi ya kabonidayoksaidi na mbolea ya maji inayopimwa kila siku, na hayo yote kweli ni ghali. Lakini kuifanya kazi ya msanii kuwa kipimo cha kila mfugaji ni kosa. Taa kali hulazimisha gesi, gesi hulazimisha mbolea, na kimoja kikipungua mwani, yaani ule utando wa kijani wa kwenye kioo, huchukua tangi. Taa ya wastani ya LED inayowaka saa sita hadi nane kwa siku haianzishi mbio hizo. Katika maji magumu, ambayo wengi huyalalamikia, Vallisneria na Ceratophyllum, mmea usio na mizizi unaopatikana katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki, huweza kuchukua kaboni kutoka katika bikaboneti iliyomo majini, wakati mimea mingi mingine haiwezi. Anubias, mmea wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati hadi Kongo, hukua polepole penye mwanga hafifu na hufungwa kwa uzi juu ya gogo au jiwe. Mtu mwenye mimea hii hahitaji mtungi wa gesi.

Kinyume chake, tangi tupu la plastiki na changarawe ndilo linalomfunga mtu kwa mashine. Uhai wote wa tangi hilo uko ndani ya chujio linaloendeshwa na umeme, na umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio humaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi pampu humimina uozo huo juu ya samaki. Kwa miji ambayo kukatika umeme ni sehemu ya maisha, hoja hii peke yake ingetosha. Tangi lenye mimea, bakteria wakiwa wametapakaa udongoni na majanini, huendelea kufanya kazi kwa mwanga wa dirishani, na ifikapo mchana viputo vidogo vya oksijeni huonekana vikipanda kutoka kwenye ncha za majani, pampu ikiwa imezimwa.

Dhana kwamba samaki wadogo wanatoshwa na bakuli dogo haistahili maneno mengi. Taka ya samaki mmoja katika bakuli la lita 5 huwa nzito karibu mara kumi na moja kuliko katika tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo huchukua lita 54, na joto la bakuli hupanda na kushuka kufuata jua na usiku bila kitu cha kulizuia. Tangi hilo la lita 54 latosha samaki kumi hivi wa sentimita tatu au nne. Na kwa gapi, samaki wa Amerika ya Kusini ambaye jike lake hutunza mbegu za dume na kuzaa mara kadhaa baada ya kupandwa mara moja, ni busara kuanza na pungufu ya hao. Wanaozidi wapewe wafugaji wengine wala wasimwagwe mtoni, na mimea inayopunguzwa ikaushwe juani kabla ya kutupwa. Ziwa Victoria limeteseka vya kutosha kwa magugu maji, ambayo nayo yaliletwa Afrika kama ua la mapambo.

Kilichobaki ni desturi ya dukani ya kumuuzia mteja tangi, changarawe na samaki siku moja, desturi ambayo huutegemea mtazamo wa usafi ili usionekane udhaifu wake, kwani kama maji maangavu ndiyo maji salama, hakuna sababu ya kusubiri. Kwa hakika tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita kabla bakteria hawajatosha, na muda huo hupungua penye mimea mingi inayokua. Wauzaji hujitetea kwamba mteja akiambiwa asubiri ataenda duka la jirani. Lakini mteja ambaye samaki wake wote wamekufa katika wiki ya pili haendi hata duka la jirani. Huligeuza tangi kuwa chombo cha kuwekea vitu. Muuzaji angeweza kuuza mimea na changarawe kwanza, kisha mimea zaidi, kisha samaki nusu, na nusu iliyobaki wiki mbili baadaye. Duka lenye vipimo vya matone vya amonia na naitriti linaweza kupima maji ya mteja pale mezani kwa dakika chache, na likimnyima samaki leo kwa sababu naitriti bado ipo, litamuuzia yule yule wiki zijazo, mimea ikiwa imeshika mizizi na maji yakiwa na rangi ya chai kidogo.